Kisanduku cha 9:1 cha bei nafuu: tumekifungua, tumekipima na kukitundika Mtwara

Kwa mwenye haraka, hukumu ya kisanduku hiki cha kuunganishia waya wa antena na redio ya ridhaa ni hii. Kinunue kama unataka boksi, soketi na skrubu zake. Usikinunue ukitarajia kwamba kilichomo ndani kitafanya kazi iliyoandikwa kwenye lebo. Kuanzia 14 MHz kwenda juu kinavumilika. Kwenye 7 MHz, bendi anayoitegemea mchana mtu wa Mtwara anayetaka kuongea na Dar es Salaam, kinaangusha, na kwenye 3.5 MHz hakifai kabisa. Dawa ipo, tena rahisi: toroidi (pete) moja ya feraiti, vipande vitatu vya waya, na nusu saa ya kulehemu.

Tunazungumzia kile kisanduku cheusi cha plastiki kinachoenea kiganjani, kinachouzwa mtandaoni kwa majina tofauti huku umbo likiwa lile lile. Chini kina soketi ya SO-239, juu kina nati ya mabawa ya kufungia waya, ubavuni kuna skrubu ndogo ya ethi, na lebo inasema 1.8 hadi 54 MHz, wati 200. Wengi wa mawimbi mafupi huanza nacho, kwa sababu kinaahidi kitu kinachotamaniwa na kila mwenye redio ya ridhaa: waya mmoja, kebo moja, bendi zote.

Ahadi yenyewe ina msingi. Waya ulioning'inizwa mnazini bila kukatwa kwa ajili ya bendi yoyote maalumu huwa na ukinzani unaopanda na kushuka kadiri unavyobadilisha masafa. Bendi moja unakuta omu 100, nyingine inapita 1,000. Redio na kebo yake vinataka 50. Ununi wa 9:1, yaani kibadilishi cha ukinzani kilichomo ndani ya kisanduku, hugawa ukinzani huo kwa tisa ili uingie ndani ya uwezo wa tyuna (kifaa cha kulinganisha antena na redio), na tyuna ndiyo inayomalizia. Anayeambiwa kwamba kisanduku hiki kinamwondolea haja ya tyuna anadanganywa.

Ndani ya boksi

Skrubu nne zikitoka, jambo la kwanza kuonekana ni rangi. Toroidi ni nyekundu. Rangi hiyo ni alama: mchanganyiko namba 2 wa vumbi la chuma, na kwa kipenyo cha milimita 33 jina lake ni T130-2. Ni toroidi nzuri kwa vichujio na kwa koili za tyuna. Kwenye ununi wa masafa mapana imewekwa mahali pasipo pake.

Hesabu yake ni fupi. T130-2 hutoa karibu nanohenri 11 kwa mzunguko mmoja, na thamani hiyo huzidishwa kwa kipeo cha pili cha idadi ya mizunguko. Ndani tumekuta mizunguko 9 ya nyuzi tatu kwa pamoja. Tisa mara tisa ni 81. Mara 11, unapata kama mikrohenri 0.9. Kwenye 7.1 MHz koili ya kiasi hicho hukinza mkondo kwa omu 40 tu, na imekaa sambamba na njia ya omu 50 inayotoka redioni. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mkondo inazunguka ndani ya koili badala ya kwenda kwenye waya. Ili ununi ufanye kazi sawasawa, koili ya upande wa redio inatakiwa ikinze angalau mara nne au tano ya omu 50, yaani kuanzia 200, kwenye bendi ya chini kabisa unayotaka kutumia. Hapa hata 80 hazifikiwi mpaka ufike 14 MHz.

Upimaji wake hauhitaji antena. Funga resista ya kaboni ya omu 470 kati ya nati ya mabawa na skrubu ya ethi, miguu iwe mifupi, kisha chomeka NanoVNA (kipimio kidogo cha antena) kwenye soketi. Gawa 470 kwa 9, unapata 52, kwa hiyo ununi mzuri unapaswa kusoma SWR (uwiano wa mawimbi simama) ya karibu 1.1. Kisanduku hiki kimesoma takriban 8 kwenye 3.6 MHz, 3.4 kwenye 7.1, 1.9 kwenye 14.2, na 1.5 hivi kwenye 28.5. Ukiangalia mfuatano huo utaona ugonjwa unapungua kadiri masafa yanavyopanda, na ndivyo hesabu ya koili fupi inavyotaka. Usitumie resista ya waya, ile nyeupe ya saruji. Yenyewe ni koili na itakuvurugia kipimo. Na kabla ya kupima, sawazisha NanoVNA kwa vipande vyake vitatu (wazi, fupi, mzigo) kwenye masafa utakayotumia, 1 hadi 30 MHz, na siyo yale yaliyokuja nayo kutoka kiwandani.

Mambo mengine ya ndani: lehemu ya SO-239 ni safi, nyuzi zimesukwa vizuri, kifuniko kina mpira wa kuzuia maji. Skrubu za nje zinashikwa na sumaku kwa nguvu, na si chuma cha pua kama maelezo yanavyodai. Kwa mtu wa Dodoma hilo ni dogo. Kwa Shangani au Mikindani, ambako upepo wa bahari unalala ndani ya nyumba, ni kasoro kubwa, na tutarudi kwake.

Kubadilisha moyo wake

Toroidi inayotakiwa ni FT140-43. Kipenyo chake ni milimita 35.5, tofauti ndogo na ile nyekundu, hivyo inaingia kwenye boksi hilo hilo bila kupanua chochote. Tofauti iko kwenye nguvu: feraiti ya mchanganyiko 43 hutoa karibu nanohenri 885 kwa mzunguko mmoja, mara themanini ya ile ya vumbi la chuma. Mizunguko 7 inakupa zaidi ya mikrohenri 40. Kwenye 3.5 MHz hizo ni mamia ya omu, na shida ya bendi za chini imekwisha.

Waya wa kuzungushia usichukue ule wa nyumba wa milimita 1.5 wenye plastiki nene. Nyuzi tatu mara mizunguko saba ni nyaya 21 zinazopita kwenye tundu la milimita 23, na unene wa milimita 3 kila mmoja unazifanya zikwame na kupandana. Nenda kwa fundi anayesuka mota, umwombe waya wa shaba wenye vanishi wa milimita 0.8 au 1. Kata vipande vitatu vya sentimita 45, vipe alama A, B na C kwenye ncha zote mbili kwa tepu za rangi tofauti, kisha vizungushe vitatu kwa pamoja vikilala bapa kama utepe, bila kupishana. Kila unapopita ndani ya tundu ni mzunguko mmoja. Hesabu ndani, siyo nje. Kingo za feraiti zinaweza kukwangua vanishi, hivyo ifunge kwanza kwa tabaka moja la tepu.

Uunganishaji ndio unaowaangusha wengi. Mwanzo wa A unakwenda kwenye ethi, yaani mwili wa SO-239 pamoja na ile skrubu ya ubavuni. Mwisho wa A unaungana na mwanzo wa B, na kiungo hicho kinakwenda kwenye pini ya kati ya SO-239. Mwisho wa B unaungana na mwanzo wa C. Mwisho wa C unakwenda kwenye nati ya mabawa. Basi. Kwangua vanishi mpaka shaba ing'ae kabla ya kulehemu, kwa sababu lehemu iliyokaa juu ya vanishi huonekana nzuri kwa macho huku umeme haupiti.

Ukigeuza waya mmoja kati ya B na C, nguvu yake inapingana na ya wenzake, na ununi unakuwa wa 1:1. Utaitambua mara moja: ukiwa na ile resista ya 470, SWR itasoma 9 hivi kwenye bendi zote, bila kushuka popote. Ukiona hivyo usitafute kosa kwenye toroidi. Fuata alama za tepu. Na usishtuke multimita ikionyesha kwamba nati ya mabawa na ethi zimegusana. Nyuzi zote tatu ni njia moja ya shaba, na ni vyema iwe hivyo, maana chaji ya umeme tuli inayokusanywa na waya upepo ukivuma inapata pa kushukia.

Baada ya kubadilisha, kipimo kile kile kinashuka chini ya 1.3 kutoka 3.5 hadi 14 MHz, na kinapanda kidogo kidogo kuelekea 28, ambako urefu wa nyaya ndani ya boksi unaanza kuhesabika. Fupisha miguu yote. Sentimita mbili za ziada kwenye 28 MHz zinaonekana kwenye grafu.

Wati 200 za lebo zisahau. Kwa toroidi moja ya FT140-43, wati 100 za sauti ni sawa, lakini kwa FT8 na njia nyingine za kidijiti zinazotuma mfululizo shuka hadi 25 au 30. Feraiti ya 43 ikipita nyuzi 130 za joto hupoteza usumaku wake kwa muda, na dalili yake ni SWR inayotambaa kupanda huku ukiwa bado unatuma, kisha kurudi ilipokuwa baada ya dakika chache. Kisanduku ni cheusi na jua la hapa halina huruma. Kipake rangi nyeupe au kiweke chini ya upenu.

Waya: urefu upi na kwa nini

Muuzaji anasema "urefu wowote". Si kweli. Urefu unaofikia nusu wimbi, au nusu wimbi mara mbili, mara tatu, unakuwa na ukinzani wa maelfu ya omu kwenye ncha. Ukigawa kwa tisa bado unabaki juu sana, na tyuna inakataa. Kupata nusu wimbi kwa mita, gawa 143 kwa MHz. Kwa 7.1 ni mita 20. Kwa 10.1 ni 14. Kwa 14.2 ni 10. Kwa 18.1 ni kama 8. Kwa 21.2 ni 6.7, na mara mbili yake 13.5. Kwa 24.9 ni 5.7, na mara mbili yake inakaribia 11.5. Kwa 28.5 ni 5, kisha 10, kisha 15. Ziandike zote kwenye mstari mmoja wa karatasi, utaona pengo kati ya 11.5 na 13.5. Kaa katikati yake: mita 12.5. Huo ndio urefu tunaoupendekeza kwa kiwanja cha kawaida cha mjini, na unafanya kazi kutoka 7 hadi 28 MHz.

Mwenye nafasi ya minazi miwili anaweza kwenda mita 25.6, ambayo inampa uhai zaidi kwenye 7 na inafungua mlango wa 3.5. Ajue tu kwamba hapo yuko karibu na nusu wimbi mara tano za 28 MHz, na bendi hiyo inaweza kumsumbua tyuna.

Kwenye 7 MHz waya wa 12.5 unazidi robo wimbi kwa kiasi kidogo, kwa hiyo ukinzani wake uko chini ya omu 450, na SWR ya 3 hadi 5 kwenye soketi ni ya kutarajiwa hata ununi ukiwa mzuri. Tyuna nyingi zilizomo ndani ya redio zinaishia 3. Kwa bendi hii tyuna ya nje ina maana.

Waya wenyewe: wa umeme wa nyuzi nyingi, milimita 1.5, unaouzwa dukani kwa mita. Ule wa uzi mmoja mnene unarefuka taratibu ukivutwa na kukatika pale unapokunjwa kunjwa na upepo. Waya wa kufungia nondo usiuguse. Unapata kutu ndani ya msimu mmoja, na chuma kinakula nguvu yako. Waya wa alumini wa kuanikia nguo haulehemeki.

Njia ya kuupandisha ni ya wavuvi. Mshipi wa kuvulia, chubwi, na manati; chubwi ikishavuka makuti na kushuka upande wa pili, mshipi unavuta kamba nyembamba, na kamba nyembamba inavuta kamba ya kazi. Au mlipe mkwezi akufungie kapi ndogo ya mashua pale juu, ambayo ni bora zaidi, kwa sababu mnazi hauketi kitako. Kusi ikianza kuvuma, kilele kinakwenda na kurudi, na waya uliofungwa moja kwa moja unakatika usiku wa kwanza wa upepo mkali. Pitisha kamba kwenye kapi, na mwisho wake wa chini uning'inize dumu la lita tatu lenye mchanga. Mnazi ukiyumba, dumu linapanda na kushuka, waya unabaki na mvuto ule ule. Kihami cha mwisho ni kipande cha bomba la PVC la nusu inchi, sentimita 8, kilichotobolewa matundu mawili. Hakikisha kipo, ncha ya waya ndipo volti zinapokuwa kubwa, na kamba yenye chumvi na unyevu inapitisha umeme.

Umbo linalotufaa ni la herufi L iliyopinduliwa: kisanduku ukutani mita moja na nusu kutoka chini, mita 7 kupanda hadi kwenye kapi, na 5.5 zilizobaki zikilala kuelekea mti wa pili au mlingoti wa mwanzi. Kabla ya kurusha chubwi, tazama nguzo za TANESCO. Umbali kutoka waya wa umeme uwe mkubwa kuliko urefu wa antena yako yote pamoja na kamba, ili hata ukikatika usiweze kufika. Hapa hapana mjadala.

Waya wa kurudishia na choki, ambavyo boksi haliji navyo

Hii ndiyo sehemu inayoamua kama utaridhika, na karatasi ya maelezo haina hata mstari mmoja kuihusu. Mkondo unaopanda kwenye waya lazima upate mwenzake wa upande wa pili. Usipompa njia, atajitafutia: atatembea juu ya ngao (wavu wa nje) ya kebo, kutoka kwenye kisanduku hadi mezani kwako. Dalili zake zinafahamika. Midomo inachomwa ukigusa maikrofoni, kipaza sauti cha kompyuta kinakoroma ukituma, na SWR inabadilika ukishika redio au ukisogeza kebo. Katika kupokea ni vivyo hivyo kwa kinyume chake: kelele za taa za LED, chaja za simu, king'amuzi na kidhibiti cha sola zinapanda juu ya ngao na kuingia redioni.

Kwenye skrubu ya ethi funga waya wa mita 5.2 na uutandaze juu ya ukuta au uzio kuelekea upande usio na antena, ama ulaze ardhini pamoja na wenzake wawili watatu wa urefu wowote kati ya mita 4 na 8. Kisha choki, kizuizi cha huo mkondo wa juu ya ngao, karibu kabisa na kisanduku: kebo ya RG-58, mizunguko 11 kwenye toroidi ya FT240-43, ile kubwa ya milimita 61. Wapo wanaoiacha choki mbali, mwanzo wa kebo ndani ya nyumba, ili mita zote za kebo ziwe waya wa kurudishia. Inafanya kazi, lakini inaleta mnururisho na kelele karibu na nyumba. Kwenye mtaa wenye nyumba zilizosongamana tunapendelea ya kwanza.

Asiyepata FT240-43 anaweza kuzungusha kebo mara kumi kwenye bomba la PVC la inchi nne. Koili hiyo huzuia vizuri kwenye sehemu tu ya mawimbi mafupi, na nje ya hapo inalegea. Ni afadhali kuliko kukosa kabisa.

Kebo. RG-58 ya mita 15 inapoteza karibu desibeli 1 kwenye bendi za juu ikiwa SWR ni nzuri. SWR ikiwa 5 upotevu unaongezeka, ndiyo maana kebo iwe fupi kadiri iwezekanavyo. Lakini RG-58 ya kweli haipatikani kila duka Mtwara. Inayopatikana kila mahali ni kebo ya dishi, RG-6, ya omu 75. Itumie bila hofu. Tofauti ya 75 na 50 ni SWR ya 1.5 tu, na tyuna ipo. Ina mambo mawili ya kuangalia. Wavu wake mara nyingi ni wa alumini na haushiki lehemu, kwa hiyo tumia konekta ya F ya kubana pamoja na adapta ya kwenda PL-259, plagi inayoingia kwenye SO-239. Na usiizungushe kwenye toroidi: povu lake la ndani ni laini, likikunjwa kwa kubana pini ya kati inahama polepole hadi iguse ngao. Choki iwe ya kipande cha RG-58, kisha uunganishe na RG-6.

Chumvi

Adui wa antena hapa ni unyevu wenye chumvi kuliko mvua. Zile skrubu zinazoshikwa na sumaku zitoe siku ya kwanza, uweke boliti za M5 za chuma cha pua pamoja na washa zake. Kabla ya kukaza, paka grisi kidogo kati ya shaba na chuma. Soketi ya SO-239 ikishafungwa na plagi yake ya PL-259, izungushie tepu ya mpira inayojishika yenyewe, ukianzia chini kwenda juu, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia, kama makuti yanavyoezekwa ili maji yateleze yasiingie. Juu yake weka tepu ya kawaida kuilinda na jua.

Silikoni ya kuzibia matundu isiwe ile inayonuka siki. Harufu hiyo ni ya asidi, na ndani ya boksi lililofungwa inageuza shaba kuwa ya kijani kwa wiki chache. Tafuta iliyoandikwa kwamba haina asidi. Na toboa tundu la milimita 3 chini ya boksi. Mpira wa kifuniko hauzuii unyevu unaoingia na hewa wakati wa joto na kuganda usiku. Tundu ndilo linalouondoa. Kebo ishuke chini ya usawa wa soketi kabla ya kupanda kuelekea dirishani, ili maji yadondokee pale kwenye mkunjo.

Masika yakija na ngurumo, chomoa kebo na uiweke nje ya nyumba. Ununi hauzuii radi.

Kama hutaki tyuna kabisa

Basi kisanduku hiki si chako, hata kikirekebishwa. Tafuta mbao au mabomba ya PVC ya kutenganishia, ujenge T2FD, dipoli iliyokunjwa yenye resista katikati ya waya wa juu, aliyoieleza Kapteni Countryman wa jeshi la wanamaji la Marekani mwaka 1949. Vipimo vyake ni rahisi kukumbuka: kila upande kutoka katikati ni 50 gawa kwa MHz ya chini kabisa, na nafasi kati ya nyaya mbili ni 3 gawa kwa MHz hiyo. Kwa kuanzia 7 MHz, kila upande ni mita 7.1, jumla 14.3, na nafasi ni sentimita 43. Mwinamo uwe nyuzi 30 hivi. Resista ya omu 390 isiyo ya waya, yenye uwezo wa theluthi moja ya nguvu ya redio yako, na baluni (kibadilishi cha ukinzani kati ya antena yenye pande mbili na kebo), ya 4:1 au ya 6:1. SWR inatulia kwenye masafa mapana bila tyuna, kwa gharama ya wazi: sehemu ya nguvu inageuka joto ndani ya resista, hasa kwenye bendi za chini. Kwa kituo cha dharura kinachotakiwa kuhama bendi upesi ni biashara nzuri. Mei 2024, mvua na kimbunga Hidaya vilipokata barabara ya Dar es Salaam na Lindi upande wa Kilwa, mkoa ulionekana jinsi unavyotegemea njia chache. Antena isiyohitaji kurekebishwa kila unapohama bendi ina nafasi yake. Kwa mwenye wati 5 za betri, hapana. Hana nguvu ya kumpa resista.

Jambo linalohusu zote mbili: SWR nzuri si ushahidi wa antena nzuri. Resista ya omu 50 ikichomekwa kwenye redio inasoma 1 kamili na haitumi sauti popote. Pima kwa kusikilizwa. Tuma ishara za WSPR (ishara za kidijiti ambazo vituo vingine huzipokea na kuripoti mtandaoni) kwa wati moja saa 24, ukitumia jina lako la kituo linaloanza na 5H ulilopewa na TCRA pamoja na gridi yako, alama ya mahali ulipo (Mtwara mjini ni LH09), kisha tazama nani amekupokea, kwenye bendi ipi, saa ngapi. Kwenye 7 MHz mchana tegemea vituo vya karibu, Dar es Salaam ikiwa kama kilomita 400 kwa mstari ulionyooka. Kwenye 14 na 21 tegemea mbali zaidi. Bendi ikikaa kimya siku mbili huku zingine zinapokelewa, rudi kwenye urefu wa waya na waya wa kurudishia kabla ya kulaumu hali ya anga.

Kwa anayetaka kununua bado, muulize muuzaji maswali mawili kabla ya kulipa: picha ya ndani ya boksi, na rangi ya toroidi. Ikiwa ya kijivu au nyeusi isiyopakwa rangi, kuna uwezekano mkubwa ni feraiti, endelea. Ikiwa nyekundu au ya njano, ni vumbi la chuma. Agiza na FT140-43 kwenye mzigo huo huo ili usilipe nauli mara mbili. Akikataa kutuma picha, nunua toroidi peke yake na boksi la swichi la PVC dukani, utobolee SO-239 mwenyewe. Utapata ununi ule ule, na boliti utakazochagua wewe.